Kichaka cha mama yangu: kimekufa au kiko hai?

Kichaka changu hakijafa, amesema leo asubuhi Mama Nafula, muuza miche wa mtaa wa Kimumu.

Shida ni kwamba nilikuwa nimeshaking'oa. Nilimpelekea kwenye gunia aniambie kilichokiua.

Ni kile cha maua ya njano, jamii ya pareto, ambacho mama yangu alinichimbulia kule kwetu, milima ya Cherang'any, nikakipanda bustanini kwangu.

Mama Nafula alikwaruza tawi kwa ukucha. Ndani kijani.

"Ulikuwa unamwagilia?"

"Kila siku. Na samadi madebe mawili."

"Wewe! Hiki kimezoea baridi na mawe, unakilisha kama sukuma wiki?"

Mzee Kiprop wa kibanda cha pili akanusa mizizi. "Imeoza. Kizike."

Kazini, kwenye chumba cha habari, sitangazi kifo mpaka watu wawili wathibitishe. Hapa ninao wawili, na hawapatani.

Mama Nafula hakubishana. Alikata vijiti saba, akavichomeka kwenye mkebe wa mchanga, akanirudishia shina. "Hilo tupa. Kichaka chako ni vijiti hivi."

Sasa sielewi nimebeba nini.

Vijiti vitaota mizizi baada ya miezi miwili. Mama yangu anafika Jumamosi, na huanza kwa kukagua bustani kabla ya chai.

Ungekuwa wewe, ungemwambia nini?