Heshima Iliyoponza Kituo cha Methadoni

Saa moja kasoro asubuhi, dirisha lenye nondo linafunguliwa na foleni inanyooka. Mwanamke wa makamo aliyevaa koti jeupe anamimina methadoni kwenye kikombe cha plastiki, anakisukuma nje.

"Kunywa. Shushia maji. Haya, sema."

"Nimekunywa, Dada Kikombe. Au nikuimbie?"

"Ukiimba watakimbia wote. Pita."

Wagonjwa 112 wanamwita hivyo. Dawa anayogawa hutuliza arosto, yale maumivu ya kukosa heroini. Sheria ni kwamba kila mmoja anywe mbele yake, kisha aseme neno, maana aliyeficha dawa mdomoni hawezi kusema.

Miaka sita aliishika sheria hiyo, isipokuwa kwa mzee mmoja aliyemfundisha hesabu darasa la nne.

"Nimwambie Mwalimu wangu asemeseme kama mtoto? Ulimi ulikuwa mzito," anasema, akikunja upya kitambaa kilichokwisha kukunjwa. "Nampa shikamoo, anainamisha kichwa, anapita."

Mwezi uliopita wakaguzi walikuja kuhuisha cheti cha kituo. Mmoja alimfuata mzee hadi nyuma ya choo, akamkuta akitema dawa kwenye kichupa. Mzee alikuwa akimpelekea mwanawe, anayevuta heroini na kuona haya kupanga foleni. Dozi ya baba ingeweza kumuua mwana.

"Mkaguzi akaniuliza mbele ya wenzangu, 'Dada, huyu mzee aliwahi kukuitikia marahaba?' Nikatazama sakafu. Miezi mitano hakuitikia, na mimi najiona nina adabu."

Cheti kikazuiwa kwa siku thelathini. Kituo hakiruhusiwi kusajili mgonjwa mpya, na kikishindwa tena kitafungwa. Kituo kingine kiko mwendo wa saa mbili.

"Wengine hawatafika. Watarudi kijiweni," anasema. "Na hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana."

Wakaguzi wanarudi Alhamisi. Kwenye droo ameweka fomu moja tupu ya usajili. Cheti kikitoka, ndiyo ya kwanza atakayoijaza, kwa jina la mtoto wa Mwalimu.

Zamu ya mzee inafika. Anakunywa, anashushia maji, macho chini.

"Shikamoo, Mwalimu."

Kichwa kinaanza kuinama.

"Hapana, Mwalimu. Niitikie."

Kichwa kinasimama. Kwenye foleni hakuna anayemtazama mwenzake.

"Marahaba," mzee anasema, sauti ikikwaruza. "Marahaba, mwanangu."

Dada Kikombe anaweka alama daftarini.