Usingizi wa Saa Nane kwa Mkwe

Mimi shule niliachia darasa la sita, lakini kuna somo moja nilipita vizuri sana: mzee halali kwa nyumba ya mwenye ameoa mtoto wake. Kwetu Chwele hiyo haifundishwi na chaki. Unaweza kula kwao, unaweza kucheka kwao, lakini jua likianza kushuka unatafuta kofia yako.

Sasa mtoto wangu wa kike ameolewa Kitale na ako na watoto wawili. Mkubwa ni msichana wa miaka sita, mdomo kama redio. Mdogo bado anatambaa na kukula mchanga. Likizo ya Agosti ikikaribia, huyo msichana akanipigia na simu ya mama yake. Mimi babu yake ananiita Kuka, lakini siku hiyo hata salamu hakunipea.

"Kuka, wewe hutupendi."

"Nani amesema?"

"Babu ya jirani, ule wanaita Guka, alikuja akalala wiki mzima. Wewe ukikuja unakunywa chai unaenda. Hata viatu hutoi."

Nikamwambia nakuja, na safari hii nakaa siku tatu. Halafu nikaanza kutembea kwa boma, naenda narudi, naenda narudi. Mke wangu akaniuliza kama ni siafu zimeingia kwa suruali. Si nilikuwa nataka mtoto aamini nampenda, na kulala kwao siwezi? Hizo vitu mbili hazingeingia kwa mfuko moja.

Mkwe ni mtu wa heshima. Alikuwa amenitafutia chumba kwa loji karibu na soko. Siku ya kwanza nikalala huko peke yangu, kama mtu amekuja kuuza ng'ombe.

Asubuhi nikarudi kwao, na hapo ndipo shida ilianza. Mimi nimezoea shamba. Kwa nyumba ya taili sijui miguu niweke wapi. Nikakaa pembeni ya kochi kama kuku amelalia mayai ya wenyewe. Nikasimama. Nikachungulia dirisha. Nikakaa. Nikaenda mpaka kwa geti, nikarudi. Nikaona majani hapo nje, nikashukuru Mungu, nikatafuta jembe, nikapalilia mpaka udongo ukabaki safi. Mtoto wangu akatoka akashika kichwa.

"Baba! Hiyo ni maua ya mwenye ploti!"

"Maua gani haina maua?"

"Kaa chini, Baba. Tafadhali. Kaa tu."

Mjukuu naye alikuwa ananichunga. Kila nikisimama anauliza, "Unaenda?" Nikisema naangalia geti tu, ananifuata mpaka geti. Siku hiyo nilikuwa nimetoa viatu ili kumfurahisha, na hiyo ilikuwa kazi, maana soksi yangu ilikuwa na dirisha. Kumbe kiatu moja alishaficha zamani.

Saa saba tukakula ugali na ule kuku nilibeba mwenyewe kutoka nyumbani. Firigisi nikapewa mimi, mgeni. Mama yao akaenda sokoni, mkwe alikuwa kazini, nikaachiwa watoto. Nikataka kusimama tena, lakini huyo mdogo akapanda kwa tumbo yangu akalala. Ukilaliwa na mtoto utaenda wapi? Kwa mara ya kwanza tangu nifike Kitale, miguu yangu ikanyamaza.

Kushtuka, nasikia sauti ya mkwe mlangoni. Nimefunikwa leso. Kichwa iko kwa mto, miguu yote mbili juu ya kochi yake. Nikaruka na huyo mdogo mkononi.

"Mzee, umepumzika?" mkwe akauliza, akiangalia ukuta kwa heshima.

"Hapana bana! Nilikuwa naomba. Nimefunga macho kwa maombi."

Nyuma yake alikuwa msichana, amekumbatia kiatu yangu, anacheka meno yote nje, hata ile moja imetoka. Alikuwa amemkimbilia baba yake kwa geti kumpea habari. Sasa meno ikaanza kurudi ndani, moja moja.

"Si ulilala, Kuka? Mimi ndiyo nilikufunika. Hata ulikoroma."

"Ilikuwa maombi," nikasema, na sauti ikapotelea njiani.

Akakuja pole pole, akaweka kiatu karibu na mguu yangu.

"Basi enda."

Mimi nimefukuzwa na ng'ombe, na mbwa, na mwalimu wa hesabu. Lakini hivyo sijawahi kufukuzwa. Nikaangalia kiatu. Nikaangalia mkwe. Yeye bado anasoma ukuta.

"Nimelala," nikasema. "Nisamehe, mkwe. Nimelala hapa kwako, hadi nikaota."

Mkwe akakohoa. "Mimi sijaona kitu, Mzee. Ndiyo nafika."

"Mimi nimeona!" msichana akapiga kelele. Kiatu ikanyakuliwa tena, na simu ya baba yake ikafuata, akapigia nyanya yake. "Kukhu! Kuka amelala kwetu!"

Nikapewa simu. Ilikuwa mke wangu.

"Wewe mzee. Umelala kwa mwenye ameoa mtoto yako?"

"Ilikuwa saa nane mchana. Mchana si kulala."

"Hivyo ndivyo utaambia wazee wenzako?"

"Kama wewe hutawaambia kwanza."

Akacheka mpaka simu ikakatika.

Jioni nikaenda loji yangu. Kesho yake, saa nane ikifika, nikakuta mto uko tayari kwa kochi, leso imekunjwa, na viatu zote mbili hazionekani.

"Kuka, saa yako ya kulala."

Usingizi wenyewe ulikuwa umebaki loji. Mdogo alikuwa macho, anazunguka chini ya meza. Miguu yangu ilikuwa inataka geti, inataka jembe, inataka hata hayo maua ya mwenye ploti. Msichana akanifunika mpaka kwa shingo, akasimama hapo, kidole kwa mdomo, ananingoja.

Nikafunga macho. Nikakoroma.