Mkono wa Kulia wa Dada Yangu

Neno radius nililisikia kwanza kwa dada yangu, siku aliyoipindua baiskeli ya baba uani, magurudumu juu, ili anisaidie hesabu zilizonishinda shuleni. Aliweka kidole katikati ya gurudumu la nyuma, akakipeleka polepole juu ya spoki moja hadi ukingoni.

"Hii ndiyo radius," akasema. "Kutoka katikati mpaka pembeni. Chagua spoki yoyote, urefu ni ule ule."

"Yoyote?"

"Yoyote. Hapo ndipo utamu wake."

Mama alikuwa anapepeta wimbi karibu nasi, akatucheka. Nyumbani kwetu Buteba tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa mama alikuwa Msamia wa upande wa Kenya na baba Mjopadhola wa Paya, na walipooana hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Maneno ya Kizungu ya namna ile yalikuwa ya dada peke yake. Alikuwa amemaliza shule na kupata nafasi ya kusomea unesi. Uhuru ulikuwa bado mchanga pande zote mbili za mpaka, na baba aliwaambia watu kanisani kwamba nesi wa kwanza wa kijiji kile atatoka kwake.

Zikiwa zimebaki wiki chache aondoke, mama alimtuma Tororo kununua kitambaa cha nguo za chuo. Alikwenda kwa baiskeli ya baba. Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imenyesha na barabara inateleza. Alipokuwa analikwepa lori la pamba akaanguka, akautanguliza mkono wa kulia. Alifika nyumbani kwa miguu, anaisukuma baiskeli kwa mkono wa kushoto, ule mwingine ameubana kifuani umevimba kama muhogo. Jambo la kwanza alilomwambia mama lilikuwa, "Kitambaa hakikuchafuka."

"Kesho asubuhi hospitali," mama akasema.

Baba akakataa. Binamu yake aliwahi kwenda hospitali na mguu uliovunjika, akarudi hana mguu. Kwamba alikuwa amechelewa, kwamba kidonda kilishaoza, hayo baba hakutaka kuyasikia. "Simpeleki mtoto wangu akakatwe," alisema. Watu wengine baadaye walimwita mkaidi. Mimi nilikuwepo, na nilichokiona usoni mwake kilikuwa woga.

Basi tukavuka mpaka pale Busia. Siku zile kuvuka ilikuwa ni kumsalimia askari na kupita. Ng'ambo, kwa wajomba zetu, kulikuwa na mzee aliyejulikana kwa kuunga mifupa. Alikuwa na mikono mipole. Alimkanda dada kwa maji ya moto na majani, akauzungushia mkono vipande vya mwanzi, akaufunga na kuulaza tumboni, kiganja kikitazama chini.

"Wewe nakaa hivi," akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hapana geuza mpaka mimi nasema."

Dada hakugeuza. Alilala hivyo, akala hivyo, akasali hivyo.

Mianzi ilipofunguliwa uvimbe ulikuwa umekwisha na maumivu yamekwisha. Baba akachinja jogoo. Tukiwa tunakula, mama akachota chumvi, akamwambia dada, "Kinga mkono." Dada akaunyoosha ule wa kulia. Kiganja kikabaki kimetazama chini. Akajaribu tena, bega zima likainuka na kiwiko kikatoka nje, lakini kiganja hakikugeuka. Mama akaendelea kushika chumvi yake hewani.

Hapo ndipo baba alipokubali kwenda Tororo. Nilifuatana nao kwa sababu mama alibaki na mtoto mchanga. Tabibu alipiga picha ya mkono, akaiinua mbele ya dirisha.

"Radius imeunga vibaya," akasema.

Dada akashtuka. "Radius?"

"Mfupa huu wa upande wa kidole gumba. Ndilo jina lake."

"Mimi nilidhani ni ya duara tu," dada akasema, na akatabasamu kidogo, kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule mahali asipomtazamia.

Tabibu akamgeukia baba. "Mzee, mkono huu unatengenezeka. Lakini lazima mfupa uvunjwe upya, kwa dawa ya usingizi, uungwe sawasawa katika hospitali kubwa. Msichelewe."

"Uvunjwe?" baba akauliza. "Mfupa uliokwisha kupona, mtu auvunje kwa makusudi?"

"Ndiyo, mzee."

Baba akachukua kofia yake. Dada alikuwa na maneno mdomoni, niliyaona, midomo yake ilifunguka. Lakini nani alimjibu baba yake mbele ya wageni, wakati ule? Akainuka, akamfuata. Njiani baba alizungumza juu ya bei ya pamba mpaka tukafika.

Chuoni walimwambia anyooshe mikono yote miwili na kuigeuza. Akarudi nyumbani na sanduku lake. Mwaka uliofuata aliolewa Lumino, kwa mtu mwema, lakini mama mkwe kwa muda mrefu alimwona mwenye kiburi kwa sababu hakupokea kitu kwa kiganja cha kulia. Nilipomtembelea niliona jinsi alivyokwenda mezani kwa Bwana. Wenzake walipanga kiganja cha kulia juu ya cha kushoto. Yeye alipanga cha kushoto juu, na mchungaji mgeni akasita mbele yake na mkate mkononi, akimsubiri abadilishe.

Nafasi ya unesi ikaja kuwa yangu. Baba alinisindikiza mwenyewe mpaka kituo cha treni Tororo, na hakumwambia mtu yeyote kanisani. Katika masomo ya mwanzo mwalimu alileta mifupa ya mkono iliyounganishwa kwa waya, akatuonyesha jinsi radius inavyojiviringisha juu ya mfupa mwenzake kila tunapogeuza kiganja. Ikiunga imepinda, akasema, kiganja hakigeuki tena. Halafu akaeleza namna ya kuitengeneza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza kupika chai. Niliomba ruhusa, nikatoka nje.

Likizo nilipopita Lumino, dada aliniuliza nimefundishwa nini. Nikamwambia yote. Alisikiliza huku anaupapasa mfupa wake kwa vidole vya kushoto, kutoka kiwikoni kushuka.

"Kwa hiyo ilikuwa inawezekana," akasema.

"Ndiyo."

"Na sasa?"

"Sasa ni vigumu. Miaka imepita."

Akaacha kuupapasa. "Usimwambie baba."

Lakini baba aliuliza mwenyewe. Alikuja Krismasi ile kuwaona wajukuu, amezeeka ghafla, akaketi kizingitini akiwa amenipa mgongo. "Wewe sasa unaijua mifupa," akasema. "Yule tabibu wa Tororo, alisema kweli?"

Dada ndiye aliyejibu, kutoka jikoni, akipaza sauti ili imfikie vizuri. "Baba, achana na mambo hayo. Mkono haunisumbui. Karibu chakula."

Baba akaitikia, akasema anakuja. Tulipoandaa tukamwita, tukamkuta ameshashika njia ya Busia, mbali, kofia mkononi. Dada alisimama mlangoni akimtazama, kisha akaniambia nikae tule, chakula kinapoa. Mwaka mpya haujafika mwezi, baba akafa.