Viatu Vyangu Vilivyobaki Margate

Nilikuwa nimemwahidi mke wangu kwamba nimeacha kutangatanga. Asubuhi ile nikamwambia naenda kazini Laeken, mtaa wa huku ughaibuni tunakoishi, kumbe napanda treni peke yangu hadi Margate, Uingereza, kwa hamu tu ya kuona maji makubwa. Mimi ni mtu wa Kalemie. Ziwa letu unaliacha mahali na jioni unalikuta palepale. Basi nikavua viatu mchangani, nikatembea pekupeku. Niliporudi, bahari ilikuwa imepanda na kuvichukua. Dukani nilipata sandali za plastiki tu, za rangi ya waridi, zenye jina la mji kwa herufi kubwa.

Nyumbani mke wangu alinitazama miguuni, akasoma polepole.

“Donc, basi, papa Didier, sasa ku Laeken kuko bahari?”