Sayari tajiri niliyoijenga na baba yangu pale Mabatini, na majina ya kwenye daftari lake

Wakuu, mnaostahili shikamoo naomba mpokee, wengine habari za kazi.

Mimi ni msomaji wa kimya humu jukwaani, miaka sasa. Leo nimeona niandike. Sitaongeza chumvi, na pale ambapo sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki.

Chanzo ni binti yangu. Juzi alikuwa anacheza gemu la vita vya angani kwenye simu, nikasimama nyuma yake naangalia. Akaniambia, "Mama, hii wewe hutaielewa."

Nikacheka hadi akashangaa.

Sasa turudi Mwanza, miaka ile ya tisini inakwenda kuisha. Mashirika ya umma yanauzwa, watu wanapunguzwa kazini, viwanda vya minofu ya sangara vinafunguliwa, mitumba kila kona. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa mwalimu wa kompyuta.

Msinicheke. Mwalimu wa kompyuta wakati ule alikuwa mtu yeyote anayejua kuiwasha na kuizima bila kuitetemekea.

Ofisi yenyewe ilikuwa Mabatini, chumba kimoja, mali ya mama mmoja wa Kihaya tukimwita Mama Koku. Asubuhi tunachapa barua za watu, mchana tunafundisha. Kompyuta zilikuwa tatu. Moja ilinunuliwa kwa mzungu wa mradi aliyekuwa anarudi kwao, na ndani yake aliacha gemu.

Hilo gemu ndilo uzi wenyewe.

Kwa wasiojua: unapewa sayari moja na watu wachache. Unajenga, unatengeneza vyombo, unatafuta sayari nyingine za kuhamia. Hakuna haraka. Unapanga mambo yako yote, ukimaliza unabonyeza kitufe, mwaka mmoja unapita, unaona kilichotokea. Watu wanaonekana kama vikatuni vidogo kwenye mistari mitatu: wakulima, wa kiwandani, na watafiti. Unamhamisha mtu kutoka mstari huu kwenda ule.

Mama Koku aliniruhusu kucheza saa kumi jioni baada ya darasa, mpaka saa kumi na mbili anapofunga. Sharti lake lilikuwa moja tu, mteja akiingia niache.

Sasa baba.

Baba yangu alikuwa afisa utumishi kwenye shirika moja la pamba. Ndiye aliyejua kila mfanyakazi kwa jina, kijiji alikotoka na watoto wake wangapi. Shirika likauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na yeye akapunguzwa. Toka siku hiyo akanyamaza.

Hakuwa mlevi, hakuwa mkali. Alinyamaza tu. Anaamka, anavaa shati lake la kazini, anakaa sebuleni anaangalia ukuta. Mama akimwambia tuvuke na kivuko twende kwao Sengerema akapumzike, anajibu "Tutaona." Kanisani aliacha kwenda. Mama alianza kuniambia kwa siri kwamba anaogopa.

Siku moja nikamwomba aje ofisini anisaidie kusahihisha Kiswahili cha barua za wateja. Ilikuwa uongo. Nilitaka tu atoke nje.

Akaja. Akasahihisha barua mbili, akamaliza. Saa kumi ikafika, nikafungua gemu langu, yeye akabaki kwenye kiti anaangalia dirishani.

Sasa siku hiyo hiyo, chombo changu cha upelelezi kikaigundua sayari moja. Wakuu, niliruka kwenye kiti. Kubwa kuliko zote nilizowahi kuona, na upande wa madini ilikuwa lile daraja la juu kabisa, linalotokea mara moja moja sana. Mtu mmoja kiwandani kule anazalisha kuliko watano wa kwetu nyumbani.

Kasoro yake ilikuwa moja. Ardhi kame. Kilimo hakuna kitu.

Mimi kwa tamaa nikapakia watu, nikawashusha, nikawaweka wote kiwandani. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Kikatuni kimoja kikapotea. Halafu cha pili.

Nyuma yangu nikasikia, "Wale wawili wamekwenda wapi?"

"Wamekufa njaa, baba."

"Umewapeleka watu mahali hapana chakula?"

"Baba, ni gemu tu."

"Najua ni gemu. Nauliza, umewapeleka kazini bila kuuliza watakula nini?"

Akavuta kiti. Nilikuwa sijamsikia akiongea maneno mengi hivyo kwa miezi.

Tulianza upya siku ile. Akanilazimisha nimweleze kila kitufe, na kwa kuwa Kiingereza cha gemu kilikuwa kigumu hata kwangu, vingine nilivitunga. Akasema kabla ya mtu kukanyaga kule kwenye madini, tuchukue kwanza ile sayari ndogo ya jirani yenye maji, tuweke wakulima, na tutengeneze vyombo vya kubebea chakula. Mimi nikamwambia adui anayechezwa na kompyuta yenyewe atatuwahi. Akaniambia, "Mama, adui akituwahi tutajua. Njaa haitumi barua."

(Baba alikuwa akiniita mama kwa sababu nina jina la mama yake.)

Akarudi kesho yake. Na keshokutwa. Na alikuja na daftari.

Sayari ile tajiri akaipa jina Sengerema. Kila tulipopeleka mtu, au mtoto alipozaliwa kule na kikatuni kipya kutokea, baba alichukua kalamu akaandika jina kwenye daftari lake, na pembeni kazi aliyompa. Masanja, kiwandani. Nyanda, utafiti. Ester, shambani kwenye sayari ya jirani. Kama wiki mbili hivi nilidhani anajifurahisha tu na majina yaliyomjia.

Gemu lilisema kila kikatuni ni watu milioni moja. Baba alikataa. "Hapana. Huyu ni mmoja."

Sayari ikakua, wakuu. Kwa sababu chakula kilitangulia, hakuna aliyepotea tena. Tukajenga kiwanda, tukajenga cha pili kinachojiendesha, tukajenga cha kusafisha hewa kwa sababu uchafu ulianza kula nusu ya kazi. Kitu ambacho nyumbani kilichukua miaka kumi na tano, Sengerema ilimaliza kwa mwaka mmoja. Baba akawa anakuja anatembea haraka. Mama akaniuliza kwa siri, "Unampa nini huyu mzee huko?"

Kisha ikaja siku ya Masanja.

Mwanaume wa makamo aliingia kuchapisha barua ya kuomba likizo kwenye kiwanda cha samaki. Alipomwona baba akasimama mlangoni. Baba naye akasimama. Nilimwona baba yangu akitafuta mahali pa kupitia, na chumba kile mlango ulikuwa mmoja.

"Shikamoo mzee," yule mtu akasema.

"Marahaba, Masanja."

Hapo ndipo nilipolitambua jina la kwenye daftari.

Masanja hakukaa. Akasema taratibu, "Mzee, nilikutafuta. Nilifika mpaka nyumbani kwako mara mbili nikaambiwa umelala. Ile orodha ya kupunguzwa iliyobandikwa ukutani ilikuwa mwandiko wako. Nimeujua mwandiko wako miaka kumi na minne."

Baba akajibu, "Ni wangu."

"Kwa hiyo ulituchagua wewe?"

"Sikuchagua. Niliitwa ofisini nikasomewa, nikaandika. Jina la mwisho likawa langu. Lakini niliandika, Masanja. Sikukataa."

Mama Koku mwenyewe aliacha kupiga taipu.

Sijui nilipata wapi wazo, nikachukua lile daftari juu ya meza nikampa Masanja. Akasoma jina lake. Akafungua ukurasa mwingine, akasoma mengine. Watu ishirini na wawili, wakuu. Wote wa ile orodha. Baba alikuwa anaikumbuka kichwani.

"Hii ni nini?" Masanja akauliza.

Nikaeleza mimi. Nikamwonyesha sayari, wakulima, viwanda, nikamwonyesha na kikatuni chake.

Akainama akaangalia muda mrefu.

"Mimi nafanya nini hapa?"

"Wewe ni fundi mkuu," baba akasema. "Mashine zote ziko chini yako."

"Na zinafanya kazi?"

"Hazijasimama hata siku moja."

Masanja akaanza kucheka. Alicheka huku anajifuta macho kwa mkono wa shati, akasema, "Basi hii kweli si Mwanza." Halafu akavuta kiti.

Sitawadanganya kwamba yaliisha pale. Kuna siku alirudi akiwa na hasira zake akamsema baba, na baba akakaa akasikiliza. Lakini alirudi.

Akawaambia wenzake. Wakawa wanakuja mmoja mmoja jioni, wanauliza, "Eti mimi nipo?" Mmoja aliomba ahamishwe kutoka kiwandani aende kulima. Baba akamhamisha, na uzalishaji ukashuka kidogo, akasema si neno.

Siku moja akaja Mama Kulwa, mjane wa Nyanda aliyekuwa mlinzi wa geti. Nyanda alifariki miezi michache baada ya kupunguzwa. Yule mama aliketi pembeni na kanga yake kichwani, akauliza kwa sauti ndogo, "Na wangu mmemweka?"

Baba akamwonyesha. "Yupo kwa watafiti."

"Mtafiti? Nyanda? Hakuwahi kumaliza hata darasa la nne!"

"Mama Kulwa, geti lile hakupita mtu bila maswali sita. Hakuna mtu pale aliyetaka kujua mambo kama Nyanda."

Yule mama alicheka mpaka kanga ikaanguka. Aliondoka akiwa anarudia tu, "Mtafiti. Mtafiti."

Sasa sayari tajiri hairuhusiwi kuishi kwa amani. Adui akaja kama nilivyosema tangu mwanzo, vyombo kumi na vitatu. Siku hiyo chumba kilikuwa kimejaa, Masanja yupo, Mama Kulwa yupo, wengine kama watano. Sengerema ikatengeneza vyombo vya vita haraka sana kwa utajiri wake, tukapigana, tukashinda. Watu wakapiga makofi.

Halafu tukarudi kuangalia Sengerema na ile sayari ya jirani. Bomu moja lilikuwa limepita. Vikatuni vya sayari zote mbili vilikuwa ishirini na kimoja.

Makofi yakakatika. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Nani huyo?"

Baba akachukua kalamu. Akafungua daftari. Akaishika kalamu juu ya ukurasa, hakuandika.

Akalifunga daftari.

"Mama, si uliniambia kuna pale tulipohifadhi jana?"

"Ipo, baba."

"Turudishe pale."

Masanja akasema, "Mzee, huko si ni kuiba?"

"Ndiyo," baba akasema. "Rudisha."

Nikarudisha. Tukapigana upya, akapotea mmoja tena. Tukarudisha. Ilituchukua jioni tatu, wakuu, na hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika. Jioni ya tatu adui akaondoka, tukahesabu kwa sauti, chumba kizima, kama watoto wa chekechea. Moja, mbili, tatu... mpaka ishirini na mbili.

Baba akasema, "Basi. Izime sasa."

Hatukuicheza tena. Jumapili ile akaenda kanisani na mama. Baadaye alivuka kwenda kwao akalima dengu na mpunga miaka mingi, na Masanja alikuwa akimtembelea. Alifariki miaka michache iliyopita, mzee kabisa, akibishana na redio.

Nilichojifunza: nilidhani baba alinyamaza kwa sababu ya kazi aliyopoteza. Kumbe ilikuwa aibu ya kuandika majina ya wale wengine. Nisingejua kwa kumuuliza, maana tulimuuliza sana. Nilijua kwa sababu tulikaa upande mmoja wa meza tukiangalia kitu kingine.

Najua humu kuna watu walikumbwa na upunguzaji ule, na pengine wapo walioambiwa waandike majina. Karibuni mseme. Matusi kwa baba yangu pia nitayasoma, yeye mwenyewe aliyasikiliza.

Ila mkianza kuniuliza jina la gemu, sijui. Lilikuwa limeandikwa kwenye disketi kwa kalamu, na wino ulishafutika.