Baba Alichutama Mbele Yangu Darasani

Nikipita sokoni hapa Panda, mjini Likasi, na kusikia harufu ya bitoyo, wale samaki wa chumvi, hasira hunipanda kabla hata njaa haijaja. Mnisamehe, ndivyo nilivyo. Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa hewa ya kijiji chetu kando ya ziwa Tshangalele; iliingia kwenye nywele, kwenye blanketi, hata kwenye daftari. Tulikuwa nyumba chache za wavuvi wenye asili ya Luapula, mpakani na Zambia, katikati ya wenyeji wengi. Babu yangu alikuja kufuata samaki, baba akazaliwa palepale, nami vilevile. Bado tuliitwa wageni. Wageni gani hao wenye makaburi ya wazee wao kijijini? Ziwa lenyewe si la asili. Mto ulizibwa ili viwanda vipate umeme, na visiki vya miti iliyozama vilikuwa vikituchania nyavu kila siku. Ziwa lilihamia pale kama sisi, na hakuna aliyelidai karatasi.

Kwetu mtoto akipewa jina la mzee, basi ndiye mzee huyo. Mimi nilipewa jina la Bwalya, mama yake baba, aliyefariki muda mfupi kabla sijazaliwa. Kwa hiyo baba, na mabega yake yote ya kuvuta nyavu, aliniita mama. Asubuhi akirudi ziwani alichutama mbele yangu, akapiga makofi taratibu na kuniamkia kwa Kibemba, "Mwashibukeni, mayo," yaani umeamkaje, mama. Nami, kamasi zikinitiririka, nilimwuliza kwa ukali kwa nini ametoka kwenye baridi bila shati zito. "Nisamehe, mama," alijibu, na hakuwa akitania.

Mwaka nilioanza shule, mwezi wa tisa, kabla ya mvua, jua likichoma mpaka matope ya ufukweni yakapasuka, baba alinipeleka kuandikishwa. Karani alikuwa mtu wa Kambove, mgeni kuliko sisi. Aliposikia Bwalya aliweka kalamu chini.

"Hii jina iko ya ba Zambia. Huku tuko ku Kongo."

"Monsieur, huyu iko mama yangu," baba alisema kwa adabu. "Minye siwezi kubadirisha jina ya mama yangu."

"Mama yako? Na anaingia darasa ya première?" Karani alicheka mpaka machozi, kisha akaandika Kalenga Jeanne bila kuinua macho. Huyo Kalenga alikuwa nani? Sijui hadi leo. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Laiti angebadilishiwa yeye jina la mama yake, tungeona kama angecheka.

Mwalimu alipoita Kalenga sikusimama. Haikuwa kiburi jamani, nilikuwa nageuka huku na huku kumtafuta huyo Kalenga. Nilichapwa siku ya kwanza, nikachapwa ya pili, na kufikia wiki ya pili nilikuwa nikisimama mbio. Baba aliziona alama za fimbo miguuni mwangu. Kesho yake alikuja darasani moja kwa moja kutoka ziwani, suruali ikichuruzika maji, samaki mmoja mkubwa mkononi. Alimsalimu mwalimu, akaja mpaka kwenye benchi langu, akachutama, akapiga makofi. "Mwashibukeni, mayo." Alitaka wote wajue mimi ni nani. Darasa zima lililipuka kwa kicheko.

"Weye Kalenga," mwalimu aliuliza, fimbo mkononi, "huyu papa anaita nani?"

"Sijue," nikasema. "Minye njo Kalenga."

Baba aliinuka polepole, akaacha samaki juu ya benchi, akatoka. Jioni ile aliniita mutoto, na mpaka anakufa hakuniita mama tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini nilikuwa na miaka sita! Ni watu gani wanaomlazimisha mtoto wa miaka sita achague kati ya fimbo na baba yake?

Mwezi uliopita nilikwenda na mkaza mwanangu kwenye ofisi moja hapa Likasi kumwandikisha mjukuu wangu. Nilimpa jina lile lile, Bwalya. Zamani ilikuwa kalamu, leo ni kompyuta, ila swali halijazeeka. "Mama, hii jina iko ya Zambia. Muko na karatasi ya kuonyesha muko ba huku?" Nilitoa kadi yangu. Kijana aliisoma akatabasamu. "Ah, Mama Kalenga! Basi muko bantu ya huku." Akaandika Bwalya pale pale. Hebu fikirini: ilibidi jina la uongo lilidhamini jina la kweli!

Tulipotoka nje, mbele ya watu wa foleni, mtoto alikuwa amelala mgongoni mwa mama yake. Nilichutama, magoti yakilia, nikapiga makofi. "Mwashibukeni, mayo." Watu wakacheka. Mmoja akaniuliza huyo ninayemwamkia ni nani, nikamjibu, "Huyu iko Bwalya, mama ya baba yangu," kwa sauti ambayo baba angeisikia kutoka katikati ya ziwa.