Paja la Kuku wa Ijumaa

Miaka ile niliyokaa Hässelby, pembezoni mwa Stockholm, treni ya kijani ndiyo iliyokuwa ikiniletea binti yangu. Baba yake, baada ya sisi kuachana, alikuwa amehamia Hagsätra, mwisho kabisa wa upande wa pili wa reli ileile. Ungedhani alikaa chini na ramani akatafuta mahali pa mbali kuliko pote ambapo mtoto angefika bila kubadilisha treni. Mtoto alikaa wiki moja kwake na wiki moja kwangu, na siku ya kuhama ilikuwa Ijumaa. Mwanzoni tulimsindikiza kwa zamu, mimi na baba yake. Alipofika miaka kumi akasema anaweza peke yake, na kweli aliweza, akawa anapanda treni inapoanzia na kushuka inapoishia, begi mgongoni na kitabu mkononi.

Wiki zake za kwangu nilikuwa mtu. Wiki za baba yake sijui nilikuwa nini. Nilifanya kazi katika nyumba ya wazee, nikiwaogesha na kuwalisha watu waliosahau majina ya watoto wao, halafu nilirudi kwenye ghorofa ambalo majirani zake waliniamkia kwa kutazama viatu vyangu. Nilikuwa mpweke, na sioni sababu ya kulizungushia neno hilo maua. Kumpikia mtu mmoja ni kazi ya kukatisha tamaa. Nilikuwa nasonga ugali wa kiganja, naula nikiwa nimesimama karibu na dirisha, na naosha sufuria kabla haijapoa.

Chakula cha Ijumaa kililetwa nyumbani kwangu na mtoto mwenyewe. Alikuwa na miaka tisa aliponieleza, kwa Kiswidi kama kawaida yake, kwamba kwa baba Ijumaa huwa wanakula taco, ile mikate myembamba ya Kimeksiko inayoviringishiwa nyama. Jina hilo silipendi kulitamka mbele ya watu wa kwetu, maana kwa masikio ya Kiswahili ni kitu cha kukalia. Lakini nilipoanza kuangalia nikagundua kwamba nchi nzima ina ugonjwa huo. Ingia supamaketi yoyote Ijumaa jioni utaona kila kikapu kimebeba vitu vilevile: nyama ya kusaga, mahindi ya kopo, tango, jibini, mikate myembamba katika karatasi ya plastiki, na pakiti ndogo ya viungo. Watu ambao wiki nzima hawasemezani wanarudi nyumbani na vikapu vinavyofanana.

Nikanunua na mimi. Sikutaka mtoto wangu awe yule anayekosa.

Nilipoipasua ile pakiti ya viungo nikasimama palepale. Ilinuka pilau. Ilikuwa bizari nyembamba, hiyohiyo tuliyokuwa tukiikaanga kwenye sikukuu, imesagwa na kuchanganywa na unga wa pilipili hoho na chumvi isiyo na kipimo. Nikatazama meza vizuri. Nyanya, kitunguu, dania na ndimu: kachumbari. Mkate mwembamba: chapati iliyokosa mafuta na mtu wa kuikanda. Nilikuwa nimelipa ili niuziwe jiko la mama yangu, tena vipande vipande. Nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika, kisha nikaitupa pakiti.

Toka siku hiyo nikapika yangu. Nyama ya kusaga niliiachia Hagsätra. Mimi nilitumia kuku, na si wale kuku wa hapa wenye nyama laini isiyo na ladha. Kulikuwa na mama mmoja Mkongomani mwenye duka, aliyekuwa akiuza kuku waliozeeka wakitaga, wamegandishwa, wagumu, wamekuja na shingo zao. Mara ya kwanza alinipimia mmoja mkononi akasema, "Hii njo kuku, mama. Ile ingine ni pamba." Tulielewana tangu hapo.

Mapishi yake ni rahisi hata mtoto anaweza, na nitafika huko. Unamchemsha kuku mzima na kitunguu na chumvi mpaka nyama ianze kuachia mfupa, na kwa kuku wale hiyo ilimaanisha mchana wote. Unaikaanga bizari kavu kwenye kikaango mpaka ukohoe kidogo. Unatia mafuta, kitunguu saumu, nyanya ya kopo, unga mwekundu wa pilipili hoho, halafu pilipili mbuzi iliyokatwakatwa. Unachambua nyama kwa vidole, unaitia humo pamoja na supu kidogo, unaiacha ikauke, na mwisho unakamua ndimu. Pembeni unaweka kachumbari, parachichi lililopondwa, mtindi mzito, na chapati zilizofunikwa kwa kitambaa. Sijawahi kuonana na Mmeksiko hata mmoja, lakini nadhani tungeelewana.

Pilipili ndiyo iliyokuwa tatizo. Binti yangu alizaliwa katika nchi hii na ulimi wake ulizaliwa humu pia. Nilianza na pilipili nzima, nikashuka hadi nusu, nikashuka hadi kuitumbukiza na kuitoa. Mwisho nilikuwa naionyesha tu sufuria. Nilikula chakula changu kikiwa kimepoa ladha kwa ajili yake, na sikulalamika.

Ijumaa ya kwanza nilimpakulia kama kwetu. Kwetu, magharibi ya Kenya, kuku ana ramani yake. Firigisi ni ya baba, na mtoto asiyelijua hilo atafundishwa mapema. Paja ni la mgeni, au la mtoto aliyeugua, au la yule anayerudi shule ya bweni kesho. Mama anapakua akiwa amesimama, anahakikisha kila sahani imepata haki yake, na wote wakishashiba ndipo anachukua shingo na mgongo na kuvila jikoni akiwa na sufuria. Mama yangu sikumwona akikaa mezani hata siku moja, na hakuna aliyemhurumia. Mikono yake ndiyo iliyoamua nani ale nini, na sisi sote tulimtazama.

Kwa hiyo nilimviringishia chapati yenye kila kitu ndani, na juu yake nikaweka paja zima ambalo sikulichambua. Aliitazama sahani kwa muda. Halafu akanieleza kwa upole, kwa Kiswidi, kwamba taco mtu hujitengenezea mwenyewe, mabakuli yanakaa katikati na watu wanapitishiana. Sawa. Nikatoa mabakuli. Alijitengenezea, mtindi ukamvuja hadi kwenye kiwiko, naye akafurahi. Lakini paja niliendelea kumtengea. Kila Ijumaa yake lilikuwa pale kando ya sahani, zima. Nami nilisimama karibu na jiko nikizipasha chapati moja moja ili asile ya baridi, nikajaza bakuli likipungua, na alipomaliza nikala shingo.

Tuliishi hivyo miaka kama mitatu. Nikadhani tunakwenda vizuri.

Alipokuwa na miaka kumi na miwili, mwishoni mwa baridi, baba yake alinipigia simu akasema mtoto ana jambo la kuniambia na akaniomba nisimkasirikie. Hapo nikakasirika papo hapo. Ijumaa iliyofuata mtoto akaja, akala, akafuta mikono, akaniambia. Msimu wa mapukutiko angeanza darasa la saba, na alitaka kulianzia huko Hagsätra, akae kule wiki zote. Kwangu atakuja wikendi, si zote, lakini nyingi.

Nilimuuliza kama shida ni chumba. Akasema hapana. Nilimuuliza kama ni rafiki zake. Akasema kidogo. Basi roho yangu ikachafuka nikauliza huyo mwanamke ambaye baba yake alikuwa akiishi naye anampikia nini cha ajabu ambacho mimi sijampikia. Nilijua jibu, kwa sababu aliwahi kuniambia: nyama ya kusaga na pakiti. Akatikisa kichwa. Akasema chakula cha kule hakina ladha, anakila tu. Halafu akaacha Kiswidi, jambo alilolifanya mara chache sana, akatafuta maneno moja moja.

"Kule tunakaa wote," akasema. "Hapa nakula peke yangu, Mama. Wewe hukai."

Nikamwambia nipo hapa, nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nampashia chapati.

"Ndiyo," akasema. "Umesimama."

Ungefikiri ningevuta kiti palepale. Sikuvuta. Niligeuka nikaosha kikaango ambacho hakikuwa kichafu, na maji yalikuwa ya moto mno nikayaacha hivyo. Nilitaka kumweleza juu ya mama yangu, na firigisi, na kwamba hakuna mtu Stockholm nzima niliyempa paja ila yeye. Lakini nilikuwa na uchungu, na mtu mwenye uchungu hasemi jambo la maana. Nikamuuliza kama anataka chai.

Niliyafikiri maneno yake kazini na njiani, na kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyokuwa mbishi. Sikuwa nimekosea. Mtu aliyelelewa kwa kupakuliwa atajuaje kwamba mwanawe anahesabu viti? Hata hivyo nilijaribu. Majira yale ya joto, Ijumaa zake zilizobaki, niliketi. Niliketi, nikakumbuka chumvi, nikainuka. Nikaketi, nikaona maji yake yameisha, nikainuka. Miguu haikunisikiliza. Nilimwona akinitazama kila nilipoinuka, na safari moja tulicheka wote wawili.

Badala yake yeye ndiye aliyesimama. Alianza kuja jikoni mapema, akisema anataka kujifunza kuku huyu kabla hajahama. Nikamfundisha kumjua aliyeiva kwa kuvuta mfupa, na kuikaanga bizari bila kuiunguza. Alichambua nyama taratibu mno, akiungua vidole na kuvipuliza. Tulipofika kwenye pilipili aliniuliza niliitia kiasi gani zamani, kabla yake. Nikamwambia moja nzima, pamoja na mbegu. Akakunja uso, nikamwambia tumetia ya kumtosha yeye, asijali.

Siku ya kuhama ilikuwa Ijumaa ya Agosti. Baba yake angekuja na gari mchana kuchukua masanduku. Niliomba zamu ya mchana kazini kwa makusudi, maana sikutaka kuyaona masanduku yakishuka ngazi, wala kusimama mlangoni nikipunga mkono na kutabasamu kama mtu mzima. Asubuhi nilimkumbatia akiwa bado ananuka usingizi. Nilimwambia kuna kuku kwenye friji, amechemshwa tayari, ale kabla ya kuondoka. Siku nzima niliwalisha wazee uji na supu kwa kijiko, nikikaa kwenye kiti pembeni ya kila mmoja, kwa sababu ndiyo kanuni ya kazi pale: huruhusiwi kumlisha mtu umesimama. Miaka yote ile nilikuwa naitii kanuni hiyo, na siku hiyo ndipo nilipoiona.

Nilifika nyumbani jua bado lipo juu ya miti. Kwanza niliingia chumbani kwake. Kitanda kilikuwepo, na pazia, na ukutani alama za gundi palipokuwa na picha. Nililia kidogo, kilio cha mtu aliyechoka, kisha nikaenda jikoni kunywa maji.

Meza ilikuwa imeandaliwa. Kachumbari kwenye bakuli, kitunguu kimekatwa vipande vikubwa vya mtoto. Mtindi. Parachichi limeanza kuwa jeusi juu. Chapati nilizozikanda jana zimefunikwa kwa kitambaa. Sufuria ya kuku ilikuwa imepungua; alikuwa amekula na kuosha sahani yake. Na mahali pangu, ambapo sikuwahi kuwa na mahali, kulikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, vile ninavyofunika mimi chakula cha mtu atakayechelewa.

Nikafunua. Lilikuwa paja. Alikuwa amechambua kuku wote akaliacha hilo zima, limepakwa mchuzi mwekundu, na kando yake kipande cha ndimu.

Nililichukua kwa vidole nikalirudia jiko langu, nikaegemea pale pa siku zote, nikauma. Lilikuwa la baridi. Ile pilipili ilinipiga mpaka machozi yakatoka tena, sasa kwa sababu nyingine. Alikuwa ametia nzima, pamoja na mbegu, chakula ambacho yeye mwenyewe asingeweza kukila. Sijui alikula nini kutoka sufuria ile. Labda alijitengea yake kwanza. Labda aliungua.

Simu ikalia mfukoni. Nyuma ya sauti ya binti yangu nilisikia vyombo, na watu wakiongea, na kiti kikivutwa. Kwao pia ilikuwa Ijumaa. Akaniuliza kwa Kiswahili kama nimefika, nikamwambia nimefika. Akaniuliza kama nimekula.

"Nakula sasa hivi," nikasema. "Ni kali."

Hakucheka. Alikuwa akisikiliza, na nadhani alisikia mvumo wa jiko la umeme nililoliwasha bila sababu.

"Umekaa?"

Nikamwambia nimekaa. Halafu nikazima jiko, nikaenda mezani na paja langu mkononi, nikavuta kiti. Hakukata simu mpaka aliposikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu.